Mkono Uliofunguliwa

"Umemfunga ndugu yangu kama mwizi wa kuku!"

Shangazi alisema hayo akiwa nje ya mlango wa kioo wa wodi ya wagonjwa mahututi. Kioo kile kilikuwa kinene, ikabidi apaze sauti, na korido nzima ikageuka kumtazama. Mama mmoja aliyekuwa akisinzia kwenye benchi alishtuka akaokota mkoba wake, akidhani kweli kuna mwizi.

Kidoti alitoka, akaufunga mlango nyuma yake polepole. Wodini walimwita Kidoti kwa sababu ya doa dogo jeusi chini ya jicho, ambalo hata barakoa haikulifunika. Alikuwa amesimama tangu jana jioni. Muuguzi wa kumpokea asubuhi aliugua, hakupatikana mwingine, na mgonjwa wa mashine haachwi peke yake hata kwa muda wa kunywa chai. Kwa hiyo alibaki. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kamba za viatu alizilegeza zote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Leo sina marahaba. Nimeona kwa macho yangu. Mikono yote miwili!"

"Ni bendeji laini, Shangazi, na chini yake nimeweka pamba. Dawa ya usingizi tumeanza kuipunguza ili aamke taratibu. Mtu akiamka vile, kitu cha kwanza anautafuta ule mpira ulioko kooni. Anauona kama unamkaba, kumbe ndio unaompa pumzi. Akiuvuta, tunaweza kumpoteza."

"Wewe ungependa kufungwa?"

"Hapana. Nisingependa."

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa jibu lingine. Alibaki ameshika upindo wa mtandio wake, kisha akapata pa kupigia. "Haya. Lakini angalia usije ukalala. Tunakujua sisi. Isije ikawa yeye anakata roho na wewe unakoroma."

Kidoti aliinamisha kichwa. Alijua lilikotoka neno hilo.

Siku Fundi, mchumba wake, alipompeleka nyumbani kwao kumtambulisha, alikuwa ametoka kukesha wodini. Walimkalisha kwenye kochi la sebuleni, wakampa chai, Shangazi akaanza kumuuliza habari za ukoo wao. Kidoti alijibu swali la kwanza na la pili. La tatu hakulisikia. Alilala palepale, kikombe mkononi, mdomo wazi, mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo Shangazi alikuwa na kauli moja tu, na aliitoa kwa kila jirani: "Msichana amekuja kuchumbiwa akakoroma."

Ni Mzee peke yake aliyecheka siku ile. Baba yake Fundi. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, maana ndio alioutumia kwa kila kitu, akamtoa Kidoti kikombe mkononi kabla hakijamwagika, kisha akavua koti lake akamfunika. "Mwacheni," alisema. "Huyu hajalala kwa uvivu." Na Mzee ndiye aliyeahidi kwamba yeye mwenyewe, kwa miguu yake, ataenda kwa wazazi wa Kidoti kupeleka maneno. Halafu nimonia ikamwangusha.

Sasa Mzee yuko ndani na mpira kooni, na Shangazi, aliyemlea Fundi tangu mama yake alipofariki, yuko nje na kauli yake.

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya Shangazi. Alitoka moja kwa moja kazini, na ovaroli yake ya kutengenezea majokofu bado ilikuwa na bisibisi mfukoni. Alimtazama Kidoti tu, kwa yale macho yake ya kuomba radhi, ambayo Kidoti aliyapenda tangu mwanzo. Siku hizi yalikuwa yameanza kumchosha.

"Mmoja mmoja," Kidoti alisema. "Muda wa kuona wagonjwa ni mfupi. Nani anaingia?"

"Aingie yeye," Shangazi akasema. "Mimi nikimwona vile tena presha itanipanda, mtanilaza kitanda cha pili."

Fundi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama alivyoelekezwa, akavaa gauni la kijani juu ya ovaroli. Alionekana kama mtu aliyejifunga pazia. Kidoti angecheka, lakini kicheko kilikuwa mbali.

Walisimama pande mbili za kitanda, Mzee katikati yao.

"Mzee, ni mimi," Kidoti alisema karibu na sikio lake. "Mwanao yuko hapa. Sasa nakusafisha mdomo. Utasikia ubaridi kidogo." Akachukua pamba yenye maji, akapitisha kwenye midomo iliyokauka, pembeni ya mpira, taratibu, kama mtu anayefuta picha.

"Anasikia?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Lakini ningekuwa mimi, ningependa kuambiwa."

Fundi alitega sikio kwenye mashine ya kupumulia. Ni tabia yake, hawezi kukaa karibu na mashine asiisikilize. "Hii inanguruma kama friji iliyopungukiwa gesi."

"Usiiguse."

"Nimesema tu." Akamwangalia. "Umechoka."

"Nimechoka mpaka kwenye kucha."

"Leo nitakusindikiza nyumbani. Hata kama Shangazi..."

Hakumalizia. Sentensi zake nyingi siku hizi zilikuwa zinakwama kwenye neno hilo hilo. Kidoti aliinua macho, wakatazamana juu ya kifua cha Mzee kilichopanda na kushuka. Pete aliyopewa na Fundi ilikuwa ndani ya sare yake, imening'inia kwenye pini upande wa moyo, kwa sababu kazini pete haziruhusiwi. Kila alipoinama kumgeuza mgonjwa aliisikia ikimgusa.

Hapo kengele ya kitanda cha dirishani ikalia.

Kulikuwa na mama pale, naye alikuwa mgonjwa wa Kidoti siku hiyo. Presha yake ilikuwa inashuka. Bonge, muuguzi mwenzake, alikuwa upande wa pili amemshikilia mgonjwa anayetapika. Hakukuwa na mwingine.

Sasa wodini wana utaratibu wao. Mgonjwa akiwa anaamshwa, ndugu haachwi naye peke yake. Ukiitwa kwingine, ndugu unamtoa nje kwanza, awe waziri au awe mama mzazi. Kidoti mwenyewe alishawatoa wengi, wengine wakimlaani.

Alimtazama Fundi. Akaona ni Fundi.

"Kaa hapo. Usiguse kitu chochote. Nakuja."

Akakimbia, akavuta pazia la kitanda cha dirishani.

Fundi alibaki na baba yake. Mara Mzee akafumbua macho. Hayakuwa macho ya usingizi, yalikuwa macho yake kabisa, yenye maji, na yalimtambua mwanawe. Alitaka kusema, mpira ukamzuia. Akatazama mkono wake wa kushoto uliofungwa kwenye chuma cha kitanda. Akamtazama mwanawe. Akautazama tena mkono. Vidole vikawa vinachezacheza, vinaita.

Mkono huo ndio uliomfundisha Fundi kushika bisibisi. Uliwahi kumshikilia begani kutoka shule akiwa na homa.

"Baba, hapana. Wamesema hapana."

Chozi moja likamtoka Mzee, likaingia sikioni.

Fundi aliangalia fundo. Wauguzi hulifunga kwa namna ambayo ukivuta ncha moja lote linaachia, ili kukiwa na dharura wasihangaike. Jicho la fundi liliiona ncha hiyo mara moja.

"Kidogo tu," alimnong'oneza. "Unyooshe vidole, halafu nakufunga tena."

Akavuta.

Mkono wa Mzee haukunyoosha vidole. Uliruka moja kwa moja mpaka mdomoni, ukaushika mpira na plasta zake, ukauvuta wote. Mashine ikapiga kelele. Mzee akakunjamana akikohoa, uso ukageuka rangi, na Fundi akabaki ameshika bendeji hewani, akiita, "Baba! Baba!"

Pazia likafunguka. Kidoti hakuuliza lolote. "Toka!" alisema, na kwa mkono mmoja akamsukuma Fundi, kwa mwingine akainua kichwa cha kitanda. "Bonge! Mpira umetoka! Mwite daktari!" Akamnyonya Mzee makohozi, akambana barakoa ya oksijeni usoni, akaminya mfuko wa hewa. "Mzee, vuta pumzi. Na mimi. Vuta. Tena, baba yangu. Tena." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ile ya kusafishia mdomo. Mikono ndiyo ilikuwa inakimbia.

Fundi aliyaona mengine kupitia kioo, Shangazi amemng'ang'ania mkono.

Daktari alitoka baadaye, jasho likimtiririka shingoni. "Anapumua mwenyewe," alisema. "Kwa shida, lakini anapumua. Mpira hatumrudishii kwa sasa, tutamwangalia na oksijeni. Akichoka itabidi tumrudishe kwenye mashine, na mara ya pili huwa ngumu zaidi." Akamgeukia Kidoti, aliyekuwa amesimama mlangoni na nywele zimetoka nje ya kofia. "Sista, mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa, daktari."

"Ulifunguka vipi?"

Kidoti alimtazama Fundi. Hakumkazia, alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu unayempisha mlangoni apite kwanza. Fundi alifungua mdomo. Vidole vya Shangazi vikamkaza mkono. Fundi akafunga mdomo, akatazama viatu vyake.

"Mgonjwa ni wangu, daktari," Kidoti akasema. "Nilimwacha na mtu. Sikupaswa."

"Tutazungumza zamu ikiisha." Daktari akaondoka.

Hapo ndipo Shangazi akapata sauti. "Mmesikia? Amekiri kwa kinywa chake! Nilisema mimi, nikaonekana mchawi. Huyo asimguse tena ndugu yangu. Na yale maneno ya kupeleka posa, nayaondoa mimi leo, hapa hapa. Au vipi, mwanangu?"

"Shangazi, sasa si wakati..." Fundi alisema.

Basi. Hilo tu.

Kidoti alirudi ndani mpaka kwenye sinki lililo karibu na mlango, akafungua maji. Alinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Fundi alimfuata.

"Asante," alisema taratibu.

"Ya nini?"

"Kwa kunisitiri."

Kidoti alifunga bomba kwa kiwiko. "Sijakusitiri. Nimejibu la kwangu. La kwako liko pale pale korido, linakusubiri."

"Shangazi ana presha. Nikimwambia sasa hivi kwamba ni mimi niliyekaribia kumuua baba... Amenilea yule, Kidoti. Nitamwambia. Akitulia, nitamwambia."

"Akitulia lini? Tangu nilale kwenye kochi lenu unasubiri atulie."

"Umenikasirikia."

"Sina hasira. Hasira inataka nguvu." Alijiegemeza ukutani. "Daktari ataniita. Huenda wakanihamisha wodi. Hilo nitalibeba, kosa lipo. Lakini nikuulize. Kila ndugu anayeingia hapa ningemtoa nje. Mlevi, mchungaji, kila mtu. Wewe nilikuacha. Unajua kwa nini?"

Fundi alijua.

Kidoti aliingiza mkono ndani ya sare, akahangaika na ile pini. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa uchovu, pini ikamchoma, hata hakusema aah. Akaitoa pete, akamwekea Fundi kiganjani.

"Nishikie. Huku ndani nikiinama inanigusa, na leo sitaki kuguswa. Ukishajua unataka kusema nini, uniambie. Usipojua pia, sawa. Mimi nina mgonjwa."

"Kidoti..."

"Toka nje. Huu si muda wa kuona wagonjwa."

Bonge alikuwa anamwita. Mzee alikuwa ameanza kuivuta barakoa ya oksijeni. Kila Bonge alipoirudisha, mkono wa kushoto ulipanda tena.

"Huyu mzee ana mkono mkorofi," Bonge alisema. "Nikiushusha unapanda, nikiushusha unapanda. Tumfunge tu, Sista. Mimi wangu bado anatapika."

Kidoti alichukua bendeji mpya. "Mzee, nisamehe. Inabidi nikufunge tena. Ni kwa muda."

Mzee alisema neno, la kwanza tangu aletwe. Sauti ilikuwa imechubuka, kama ya mlango mbovu. "La... binti... usi..."

Kidoti alibaki na bendeji mkononi. Hakuna kitu kilichomchosha siku ile kama neno hilo. Angemweka mtu wa kukaa naye, lakini mtu yuko wapi? Mama wa dirishani alimhitaji, dripu zilikuwa zinakwisha, na yeye mwenyewe alikuwa anaona vitanda vikielea.

Ndipo sauti ikapita kwenye mlango ambao Fundi, kwa kuchanganyikiwa, hakuufunga vizuri.

"Ni mimi, Shangazi."

"Wewe nini?"

"Mkono wa baba nimeufungua mimi."

"Nyamaza. Watu wanasikia."

"Wasikie. Aliniambia nisiguse kitu. Nikagusa. Alikuwa anamwokoa mama mwingine kule, mimi nikafungua."

"Unamkingia kifua! Kwa sababu umempenda!"

"Nimempenda, ndiyo. Na mkono nimefungua mimi. Hayo ni mawili, na yote ni kweli. Daktari! Daktari, samahani, ngoja kwanza..." Viatu vikasikika vikikimbia korido.

Bonge alimtazama Kidoti kwa chini. "Sista, macho yanavuja."

"Ni ile dawa ya kunawia mikono."

"Dawa ya mikono, machoni," Bonge alisema. "Haya. Mimi sijaona kitu." Akaenda kwa mgonjwa wake akiwa anajichekea.

Fundi aliporudi, Kidoti alikuwa amesimama mlangoni. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, amewapa mgongo wote wawili, mtandio umefunika nusu ya uso.

"Daktari amesemaje?" Kidoti aliuliza.

"Amenifokea vibaya sana. Na wewe atakuita bado. Anasema ulipaswa kunitoa."

"Ni kweli." Alimwangalia kwa muda. "Una kazi nyingine mchana huu?"

"Kuna friji ya bucha..."

"Bucha wasubiri. Nawa mikono."

Alimwekea kiti upande wa kushoto wa kitanda. Akauchukua mkono wa Mzee akauweka ndani ya mkono wa mwanawe. "Shika hapa kwenye kiganja, kifundo usikikaze. Akitaka kuupeleka usoni, usimkabe. Ushushe polepole, na umwambie unachofanya. Unaona hii namba? Ikishuka chini ya hapa, niite. Usiguse kingine."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka apumue bila kuhangaika."

"Na nikichoka?"

"Utasema. Ila usiachie."

Akaenda kwa mama wa dirishani. "Mama, ni mimi. Nakugeuza upande sasa."

Mchana ulijikokota. Mkono wa Mzee ulipanda, ukashushwa. Ukapanda, ukashushwa. Kila Kidoti alipopita na dripu au beseni, alimsikia Fundi akinong'ona: "Nakushusha mkono, Baba. Hiyo ni hewa yako, iache." Baadaye kunong'ona kukapungua. Akageuka kuangalia. Barakoa ilikuwa mahali pake, kifua cha Mzee kilipanda na kushuka bila kugombana na mtu, na namba ilikuwa nzuri. Fundi kichwa kilikuwa kimeangukia pembeni ya godoro. Alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Pete alikuwa ameipachika kwenye kidole chake kidogo, haikupita kifundo, na vidole vya Mzee vilikuwa vimefunga juu yake.

Kioo cha mlango kikagongwa taratibu. Alikuwa Shangazi. Kidoti alifungua kidogo, akisubiri la kusikia.

Shangazi alichungulia juu ya bega lake. Alitazama muda mrefu.

"Amelala yule," alisema.

"Amelala, Shangazi."

"Na mkono?"

"Hajaachia."

Shangazi aliushika mtandio wake, akaukunja ncha, akaukunjua. Aliangalia viatu vya Kidoti, kamba zilizolegezwa, miguu iliyojaa. Safari hii hakupaza sauti.

"Na wewe, mwanangu, utalala saa ngapi?"